Boti Isiyo na Donda

Watu wa gatini kwetu walimwita Bonyeza, na jina hilo alilipata uzeeni, baada ya ile video. Kabla ya hapo alikuwa Mzee wa Kitambaa, maana hukumkuta hata siku moja bila tambara begani. Mimi mwenyewe wananiita Mama Sponji. Nashona mito na magodoro ya boti katika banda lililo karibu na geti, na kwa kuwa mashine yangu inatazama maji, hakuna linalotokea hapa likanipita. Nasema mapema asije mtu akadai nimesimuliwa.

Alikuwa mtunza boti, na boti yenyewe ilikuwa ya daktari wa meno. Walikutana kwenye kiti cha kung'olea meno. Wakati huo mzee alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kukamua mafuta, na alikwenda pale shavu limevimba kama ameficha chungwa. Daktari, huku koleo liko kinywani mwa mtu, akamuuliza anafanya kazi gani. Madaktari wa meno wana tabia hiyo, wanakuuliza maswali pale usipoweza kujibu. Mzee akajibu kwa mikono, akazungusha ngumi mbili hewani: injini. Akatoka pale na pengo na ajira mpya.

Daktari aliipenda sana boti yake, ila maji yalimkataa. Ikivuka tu ukuta wa mawe unaokinga gati, anatapika. Kwa hiyo siku za mapumziko alikuja, akazima simu, akalala chumba cha nyuma boti ikiwa imefungwa kamba, jioni akarudi kwa mkewe. Mzee alipofiwa na mke wake, binti yake na mkwewe walipangisha chumba chake, "kwa muda tu, baba," na yeye wakamtandikia sebuleni pamoja na wajukuu. Daktari aliposikia hilo akamwambia ahamie chumba cha mbele cha boti, akae mpaka achoke. Kitanda cha chumba hicho ni cha pembetatu, miguu yote inabanana kwenye ncha, na godoro lake nilimkatia mimi. Alilala humo miaka na hakuchoka.

Sasa lazima nieleze donda, maana bila donda hutaelewa kitu. Kila mtunza boti wa hapa ana donda lake. Ni ubovu mdogo ambao yeye peke yake anajua kuutuliza. Kuna boti ambayo mlango haufunguki mpaka uuinue kwa goti huku unausukuma. Kuna nyingine haiwaki mpaka ulipige tangi la mafuta ngumi mbili, moja haitoshi. Tajiri akimkasirikia mtunzaji wake akamfukuza, Jumapili anakuja na wageni, miwani ya jua usoni, anazungusha ufunguo, kimya. Anavuta hiki, anasukuma kile, wageni wanaanza kutazamana. Jioni utasikia simu inapigwa kwa sauti ya asali: "Kaka, zile hasira zilikuwa za siku ile tu." Wenyewe wanasema donda ndilo mkataba wetu, na kusema kweli sijaona hapa mkataba mwingine wenye nguvu hiyo.

Boti ya daktari haikuwa na donda. Winchi ilishusha na kupandisha nanga bila kukohoa. Jiko la gesi la plate mbili liliwaka kwa njiti moja ya kiberiti. Choo, ambacho kwenye boti nyingi ni kitu cha kukiombea dua kabla ya kukikalia, kilivuta maji na kumeza. Pampu ya kutoa maji ya chini ilijiwasha yenyewe ikitakiwa na kujizima ikimaliza. Injini mbili za dizeli zilikuwa kama mpya, kwa sababu daktari alikuwa hazitumii na mzee alikuwa haachi kuzifuta. Tulimwambia. Mimi nilimwambia kwa mdomo wangu: "Mzee, jiwekee hata kadonda kadogo, dunia haina huruma." Akaniangalia kama nimemwambia amtie binti yake kilema ili asiolewe mbali.

"Kitu kizima ni kizima, Mama Sponji," akasema. "Mimi siwezi kulala juu ya kitu nilichokiumiza."

Watunzaji wenzake hawakumpenda, na aliyemchukia zaidi ni Kipara. Boti ya Kipara ilikuwa imepandishwa nchi kavu tangu tajiri wake afilisike, na yeye alibaki anazurura gatini akinywa soda za watu. "Huyu mzee anatuharibia soko," alikuwa akisema. "Tajiri mmoja akijua boti inaweza kuwa nzima, sisi wote tumekwisha."

Daktari akafa. Alifia kazini, siyo majini, nafuu ndogo kwa mtu aliyekuwa anatapika vile. Boti ikaangukia kwa mwanawe wa kiume, kijana mwenye manukato mengi kuliko adabu, ambaye hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Siku aliyokuja alivua viatu kwa woga wa kuchafua viatu, akachungulia chumba cha mbele, akatoka ameshika pua.

"Humu kunanuka mzee," akasema, na mzee mwenyewe amesimama pale pale na tambara lake. Kisha akapuliza manukato yake mle ndani hadi mzee akaanza kupiga chafya. Hasira niliyoipata mimi niliimalizia kwenye zipu ya mto, ikakatika.

Ikaamuliwa boti iuzwe. Mrithi alitaka video ya kuweka mtandaoni, aonyeshe kila kitu kilichomo, na kwa kuwa yeye hakujua hata swichi ya taa iko wapi, akamsimamisha mzee mbele ya simu. Mzee alivaa shati lake la kanisani. Akatembea boti nzima akionyesha, na kila alipofika alianza na neno moja: "Ukibonyeza hapa, nanga inashuka. Ukibonyeza hapa, maji ya moto yanakuja bafuni. Ukibonyeza hapa, unaona kina cha maji chini yako." Mrithi akamwambia alale kitandani ili watu waone urefu wa kitanda. Akalala. Simu ikaanzia kichwani, ikateremka taratibu hadi miguuni, na hapo ikasimama kwenye magaga ya visigino vyake, mipasuko ambayo ungeweza kuficha sarafu.

Watu walicheka nchi nzima. Mmoja aliandika: hayo magaga yanauzwa pamoja na boti? Mwingine akauliza kama choo kina bonyezo la kumfuta mtu. Gatini jina likazaliwa kesho yake asubuhi, na hata muuza soda akawa anamwita, "Bonyeza, nikubonyezee ya baridi?" Mzee alicheka na wao. Nilimwona baadaye nyuma ya banda langu anasugua visigino kwa jiwe mpaka vikatoa damu, na nilijifanya natafuta uzi.

Alichokitaka ni kimoja tu: anayenunua boti amchukue na yeye. Mshahara hakuutaja hata mara moja. Alitaka kitanda chake cha pembetatu na kazi yake. Mrithi alimjibu, "Hilo utamwomba mnunuzi, mimi nauza boti siuzi ukoo."

Wanunuzi walikuja wengi wa kupiga picha na kuondoka. Wa kweli alikuwa mkandarasi wa barabara, mtu mzima, mnene, mwenye macho ya kucheka. Alikuja na mkewe. Mimi nilikuwamo ndani, nabadilisha vitambaa vya viti vya sebule ya boti, kwa hiyo nilisikia yote. Mzee aliwazungusha kila pembe. Mkandarasi hakuuliza mengi. Alipofika kwenye usukani akagonga kioo cha kipima mafuta kwa ukucha, akauliza:

"Sasa niambie ukweli, mzee wangu. Hii boti ina usumbufu gani?"

"Haina, mkuu. Hata mtoto wa shule ataiwasha."

"Haina kabisa?"

"Haina."

Mkandarasi akamtazama mkewe, akatabasamu. "Basi hapa mtu wa kuitunza hahitajiki," akasema.

Nilimwona mzee anavyokunja lile tambara. Alilikunja mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka likawa dogo kama leso ya mtoto, na hakusema neno. Wakaagana kwamba Jumamosi watarudi kuijaribu majini, na mke wa mkandarasi akasema nami niwepo, apate kuniambia anataka rangi gani.

Walipoondoka mzee alikuja bandani kwangu akaketi. "Nimejifukuza mwenyewe," akasema. "Kwa mdomo wangu mwenyewe." Nilitaka kumwambia ndiyo, mjinga wewe, si nilikuonya? Lakini uso wake ulinizuia. Nikamwambia amwendee mkandarasi amwombe kama mtu anavyomwomba mtu. Akatikisa kichwa. Aliogopa jibu la hapana. Mtu akishalisikia hapana mara moja kwa binti yake wa kumzaa, hataki kulisikia tena kwa mgeni.

Akaenda kwa Kipara.

Watunzaji walikuwa kwenye kibanda cha soda, nami nilikwenda nyuma yake kwa kisingizio cha kununua maji. Mzee alisimama mbele yao akasema anataka kufundishwa donda. Walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na soda. Kipara peke yake hakucheka. Akasema, kwa sauti ya mwalimu, "Sema kwanza tulikuwa sahihi."

"Mlikuwa sahihi."

"Sema, mimi Bonyeza nilijiona bora."

"Mimi Bonyeza nilijiona bora."

"Haya. Nenda ukaoshe boti yangu, halafu tutaongea."

Boti ya Kipara, narudia, ilikuwa nchi kavu, juu ya magogo, haina pa kwenda. Mzee aliiosha yote, chini mpaka juu, jua likiwa utosini, na wale wamekaa kivulini wanamwonyesha kwa vidole alipobakiza. Mkuki kwa nguruwe, na wote wale wana baba zao. Alipomaliza, Kipara akamvuta pembeni akamfundisha: waya unaopeleka umeme kwenye stata ya injini ya kulia, ukatwe, uunganishwe nusunusu. Ukiubana kwa kidole, injini inawaka. Ukiuachia, inagoma.

Ijumaa mchana nilimpelekea mito iliyokuwa tayari. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya injini, koleo mkononi, waya katikati ya meno ya koleo, na hajakata. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Aliponiona akakata, haraka, kama mtu anayechinja kuku huku ameangalia kando. Kisha akalia. Nasema alilia, sisemi machozi yalimlengalenga. Nami nikaiweka mito chini nikaondoka, kwa sababu nilikuwa namwonea huruma na huo ndio ukweli.

Jumamosi maji yalikuwa shwari. Tulikuwa watano: mkandarasi na mkewe, mrithi na manukato yake, mzee kwenye usukani na mimi na sampuli zangu za vitambaa. Boti iliwaka bila tatizo, maana mzee alikuwa ameubana waya kwa kibanio cha nguo. Tulipovuka ukuta wa mawe, mama akaomba injini zizimwe asikie ukimya. Zikazimwa. Mzee akashuka chini akisema anakagua oili, akakitoa kile kibanio. Aliporudi jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni.

Wakati wa kurudi, ya kushoto ikawaka. Ya kulia ikagoma.

"Nini tena?" mrithi akauliza, na sauti ikapanda. "Wewe mzee, umefanya nini?"

"Ni kawaida yake," mzee akasema. Alisema kama mtoto anayekariri shairi. "Ina kitu kidogo hivi, mimi tu ndiye ninayekijua." Akashuka, akabana waya kwa kidole, akampigia kelele mrithi azungushe ufunguo, na injini ikanguruma. Akapanda juu anafuta mikono, anajaribu kutabasamu. Lile pengo likaonekana.

Mkandarasi alikuwa ameacha kucheka kwa macho. Akawasha tochi ya simu, akashuka mwenyewe kwa tumbo lake lote lile, akakaa huko kidogo. Alipopanda alisimama mbele ya mzee akazungumza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi.

"Baba yangu alikuwa mtunza boti," akasema. "Nimesomeshwa na madonda, mzee wangu. Nayajua tangu sijaota ndevu. Lako bado bichi. Shaba ya waya inang'aa pale ulipokata."

Mzee akaificha mikono ndani ya tambara.

"Niliiona video yako. Watu walicheka, mimi nilimwita mke wangu nikamwambia, tazama, mtu anaonyesha kila swichi, haachi hata moja. Baba yangu asingefanya hivyo. Siku ile nikakujaribu. Nilisema mtu hahitajiki ili nione utajibuje. Ungesema kuna kitu unakijua wewe tu, ningekuacha. Ulinyamaza. Tumetoka hapa mke wangu anasema tumepata boti na mtu wake. Leo nilikuja kukwambia ubaki na chumba chako."

"Nibaki?" mzee akauliza.

"Nilikuja kukwambia," mkandarasi akasema. "Sasa sikwambii."

Mzaha mzaha hutunga usaha. Mtu ana barabara, ana nyumba, sasa ana na boti, anachezea kitanda cha mwenzake apate kujua jibu lake litakuwa lipi, halafu anaitwa mwerevu. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniambia, "Mama, wewe shona." Mama wa watu, mkewe, akageukia maji.

Mzee akajitetea, masikini. Akasema ni jana tu, akasema hajawahi, akasema ulizeni hapa gati zima. Basi tulipofunga kamba mrithi akauliza. Alimwita Kipara, aliyekuwa amesimama pale ameshaoga na kuvaa shati lililopigwa pasi, akamuuliza kama mzee huyu ana tabia hiyo.

"Siwezi kumsema mzee," Kipara akajibu, akainamisha kichwa. Hakuongeza kitu. Hakuhitaji.

Boti ilinunuliwa siku ile ile. Mzee alitoa vitu vyake chumba cha mbele: nguo, redio, sufuria, na lile godoro la pembetatu, ambalo mrithi alimwambia aliache kwa sababu ni sehemu ya boti. Na Kipara akachukuliwa kazi.

Baadaye yule muuza soda alinieleza kitu ambacho sikukijua miaka yote hii. Donda halitumiki likiwa bichi. Ukishakata waya unaupaka masizi na grisi chafu, unauacha siku kadhaa uzeeke, ndipo mtu yeyote akimulika aone ukuukuu tu. Kila mtunzaji anajua. Kipara alimfundisha mzee kukata, hakumfundisha kupaka. Mnaweza kusema alisahau. Mimi sisemi.

Mzee alizunguka boti zote kuomba hata kazi ya kuosha. Habari ilikuwa imemtangulia. Matajiri ambao boti zao hazifunguki mpaka zipigwe goti walimkataa kwa sababu ni mtu wa kuharibu boti. Siku hizi mtunzaji akitaka kumwapia tajiri wake, anasema, "Bosi, mimi siyo kama Bonyeza," na tajiri anamwongezea kazi. Katika gati zima lililojaa madonda, anayejulikana kwa donda ni yeye peke yake.

Nilimpa kazi kwangu, kufumua mito ya zamani kwa wembe. Macho yake hayafai kwa kushona. Wiki iliyopita mkandarasi alikuja kuagiza mito mipya ya sitaha, akamkuta amekaa kwenye kigoda chake. Hakumsalimia. Akaanza kunisifia Kipara, kijana mwaminifu, hana makuu. Boti nayo imeanza uzee, akasema. Ile injini ya kulia siku hizi haikubali kuwaka mpaka friji izimwe na ufunguo uzungushwe nyuma kwanza, na ni Kipara tu anayeipatia.

Wembe wa mzee ukasimama.

"Mkuu," nikamwambia, "hilo ni donda."

Akacheka, tumbo likatikisika. "Mama Sponji, donda nalijua mimi. Nimemulika waya zote kwa mkono wangu, hakuna hata mmoja unaong'aa." Akaniachia vipimo vyake, akatoka, na pale mlangoni akanipunguzia sauti kwamba niwe nahesabu nyembe zangu kila jioni.

Mzee alisikia, kwa sababu banda ni la mabati na halina siri. Alikusanya nyuzi alizozifumua akazitia kwenye mfuko, akaniuliza kama mito imebaki mingi. Nikamwambia iliyobaki tutaimaliza kesho. Akashukuru, akasema ni vizuri, maana kule sebuleni kwa binti yake wajukuu wanatandika mapema, na akichelewa inambidi alale mlangoni.